Ovaroli Isiyonuka Sabuni

Kila asubuhi mume wa fundi cherehani alivaa ovaroli ya kiwanda cha sabuni, akaaga, akatoka. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimefungwa zamani, kufuli la getini limeota kutu. Mkewe alijua. Mtaa mzima ulijua. Lakini nani amwambie? Mtu anaitwa Bosi tangu ujana wake, utaanzia wapi?

Basi mkewe alinyamaza, ila moyo haukutulia. Mikono inashona sare za shule, macho yako mlangoni. Huyu mtu anashinda wapi? Kwa kinyozi, anapiga soga? Au kuna mengine? Sindano ikimchoma, anaisonya kana kwamba yenyewe ndiyo yenye makosa.

Asubuhi moja, Bosi hajatoka bado, hodi ikapigwa. Aliingia dada mwenye kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi.

"Mimi ni mdadisi wa takwimu," alisema. "Tunahesabu watu wenye umri wa kufanya kazi, kuanzia miaka kumi na mitano kwenda juu. Nani ana kazi, nani anatafuta, nani hayumo kote kuwili."

"Karibu, mwanangu," alisema Bosi. "Andika mimi mfanyakazi wa kiwandani. Huyu mama watoto hana kazi, yupo yupo tu nyumbani."

Cherehani ikanyamaza.

"Yupo yupo tu?" mkewe akauliza. "Na hizi sare zinajishona?"

Mama mkwe, mama yake Bosi, aliyekuwa akichambua mboga kizingitini, akaangua kicheko. "Mwanangu, leo umeyakoroga!"

"Baba," alisema mdadisi, "aliyefanya kazi ya malipo au biashara yake wiki iliyopita, hata saa moja, kwetu huyo ana kazi. Hata kama anafanyia nyumbani. Mama ana kazi. Wewe je, wiki iliyopita ulifanya?"

Bosi akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akafunga kifungo kilichokwisha kufungwa.

"Mkishajua, mtanipa kazi nyinyi?" akafoka.

"Siwezi kukupa, baba. Lakini safari iliyopita, karibu kila nyumba tuliyofika mtaa huu ilisema watu wana kazi. Aibu tu! Takwimu zikaonyesha hapa hakuna shida, na mafunzo ya ufundi kwa waliopoteza ajira yakapelekwa kwingine. Unachoniambia ni siri. Jina halitoki, zinatoka hesabu tu."

Mke aliiweka sare mapajani, akawaza. Amuumbue mumewe mbele ya mgeni? Na akinyamaza, mafunzo yawapite tena?

"Baba watoto, sema," alisema polepole. "Sote tunajua."

"Hata mimi," alisema mama mkwe. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Ovaroli yako siku hizi hainuki sabuni."

Bosi akaketi. "Sina kazi," alisema.

"Pole, baba. Umekuwa ukitafuta? Asiye na kazi, lakini yuko tayari kuifanya na anaitafuta, ndiye tunayemhesabu kuwa hana ajira. Asiyefanya kazi wala kutafuta, kama mwanafunzi anayesoma tu, huyo yuko nje ya nguvu kazi."

"Natafuta!" Sauti ilimpasuka. "Kiwanda cha mabati. Ghala la saruji. Kwa wenye malori. Kila siku niko mageti ya watu na ovaroli hii, wajue mimi ni mtu wa kazi!"

Kumbe! Na mkewe muda wote alikuwa akimlaani kinyozi wa watu. Machozi yakamtoka, hakujali mgeni.

"Na mimi niandike natafuta," alisema mama mkwe. "Natafuta mchumba." Hata Bosi akacheka.

Siku hiyohiyo Bosi alizunguka mtaani bila ovaroli. "Mkiulizwa semeni kweli," aliwaambia wenzake wa kiwandani. "Tumejificha vya kutosha." Wengine walinuna, wengi wakasema kweli. Haikuwa kesho yake, lakini mafunzo yalifika, na Bosi akajifunza kutengeneza friji.

Mdadisi aliporudi safari nyingine, alimkuta barazani, mikono imejaa grisi.

"Haya, nani ana kazi nyumba hii?"

Bosi alionyesha kwa bisibisi kule dirishani, cherehani ilikokuwa ikinguruma.

"Anza na yule," alisema. "Yule hajawahi kukosa kazi hata siku moja. Mimi niandike wa pili."