Msonyo Katika Maua Meupe

Msonyo wenyewe ulikuwa mrefu, msonyo wa mtu aliyewashiba walimwengu akawachoka, na ulitoka kwenye maua.

Adongo alikuwa amechuchumaa akipalilia. Jua la adhuhuri lilikuwa limesimama wima juu ya Nakuru na hapakuwa na upepo. Aliinua kichwa akatazama ng'ambo ya wigo wa kayaba, kwa jirani yake Kigen, dereva mstaafu aliyepanda sukuma wiki hadi mlangoni kama mtu anayeogopa njaa itamfuata kitandani. Kigen hakuwepo. Geti lake lilikuwa na kufuli.

"Hata kusonya kwenyewe anasonya na kukimbia," Adongo alijisemea, akarudi kwenye magugu yake.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa amefundisha shule za upili hadi akastaafu, na kwake dunia nzima ilikuwa darasa lililofeli. Kanisani alikaa kiti cha nyuma ili asipitwe na kosa la mtu. Bustani za wenzake aliziita malisho. Waridi la Naivasha, linalopandwa kwenye mahema ya nailoni, aliliita mboga ya Wazungu. Yeye alitaka airisi nyeupe, ile yenye ndevu: ua linaloangusha midomo mitatu mipana, na juu ya kila mdomo mstari wa vinywele laini kama ndevu za kijana. Aliipanda mbele ya nyumba, pale jua linaposhinda kutwa, na mizizi yake minene kama tangawizi akaiacha imetoa mgongo nje, kwa maana ukiifukia inaoza. Maua yakatoka meupe kama shuka za hoteli. Waliopita barabarani walisimama kuyatazama, naye aliwatazama wao kwa namna ya kuwaharakisha.

Mizizi ile aliitoa huko Kabazi. Alikuwa ametoka kwenye mazishi ya mwalimu mwenzake alipoiona nyumba kuukuu ya mkoloni, paa limeanguka, na mbele yake tuta jeupe la airisi ambalo hakuna aliyelimwagilia. Mwanamke aliyelitunza shamba hilo, Chepkorir, muuza viatu vya mitumba siku za soko, alimjia akijifuta mikono kwenye sketi.

"Mathe, chukua tu. Lakini omba kwanza. Simama hapo useme naomba. Wote husema."

"Nikuombe wewe?"

"Si mimi. Mwenyewe." Chepkorir aliinua kidevu kuelekea maua. "Yuko hapo tangu zamani. Hana shida na mtu anayeomba."

Adongo alimtazama kuanzia gambuti hadi kitambaa cha kichwa. "Majini ni mambo ya Mombasa," alisema. "Huku hata shetani angeshikwa na nimonia." Akachimba, akajaza mfuko, akaenda zake bila hata asante.

Sasa maua yalikuwa yamechanua, na binti yake Natasha alikuwa amerudi nyumbani.

Amerudi kwa muda tu, alisema Natasha. Mume wake, Travis, alikuwa amesimamishwa kazi kwenye shamba la maua, wakahama chumba chao cha mtaa wa Karagita, Naivasha, na Travis ameenda Gilgil kutafuta kibarua. Akipata atakuja kumchukua.

"Atakuja na nini? Na toroli?" aliuliza Adongo. "Nilikusomesha hadi digrii ili ukaolewe na mkata waridi."

Natasha alijimiminia chai. Alikuwa msichana mpole, na upole wake ulimkera mama yake kuliko ukaidi. Alichukua kikombe chake akaenda kukaa nje, karibu na airisi, na kuanzia siku hiyo akawa anakaa hapo kila jua linapokuwa kali.

Harufu ndiyo iliyofuata. Ilianza sebuleni, harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi, tamu kidogo na yenye vumbi, na Adongo alifua mapazia yote isitoke. Kisha siku moja, akiyaangalia maua kwa karibu, aliona kwamba ndevu za ua moja hazikuwa tena vinywele vya ua. Zilikuwa nywele. Nyeupe, ngumu, ndefu kama kidole, za mzee. Alivuta mmoja. Ukakataa, kisha ukang'oka, na kutoka ndani ya tuta ukatoka msonyo ule ule, karibu na sikio lake kiasi kwamba alihisi pumzi.

Aliingia ndani akafunga mlango. Mchana kweupe, akafunga mlango.

Siku hiyo Natasha alimfuata jikoni akanong'ona, "Mum, umemsikia pia?"

"Nani?"

"Shh. Usimtaje kwa sauti. Anakaa pale. Anaongea nami." Macho yake yalikuwa yameingia ndani, hakuwa amekula vizuri tangu wiki ianze. "Anadharau watu wote, Mum. Wote. Anamdharau Travis. Nikimsikiliza sana, nasahau uso wa Travis. Leo nimejaribu kuukumbuka, haukuja."

"Ni njaa hiyo. Kula," alisema Adongo, akimkatia mkate.

Kesho yake alimkuta Natasha ameketi chini katikati ya airisi, mgongo wima, uso ameuelekeza kwenye jua bila kupepesa, na ingawa joto lilikuwa la kukaanga hakuwa na hata tone la jasho. Adongo alitaka kumkemea. Ndipo alipokiona kivuli cha binti yake, kimelala kando yake juu ya udongo, kifupi kama vivuli vya saa sita vilivyo, na kutoka kwenye kidevu cha kivuli kile zilining'inia ndevu, ndefu, zikipepea polepole mahali ambapo hapakuwa na upepo wa kupeperusha hata unyoya wa kuku.

Aliita kanisa. Hakuwa na mwingine wa kumwita.

Mchungaji Makokha alikuja na kina mama wa maombi, wakazunguka tuta, wakapaza sauti. Natasha aliwaacha wapige kelele mpaka wakachoka. Kisha akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee, nzito, isiyo na haraka.

"Makokha. Ukihubiri unatema mate kama chai inayofurika. Na huyu mwenye kofia ya zambarau analia kanisani ili aonekane, machozi yenyewe hayajawahi kufika shavuni. Mungu si kiziwi. Amewachoka tu."

Kina mama walirudi nyuma. Mchungaji alipangusa midomo kwa kiganja. Hapo Adongo alisikia mtu akicheka, kicheko kifupi cha puani, na akatambua kwa hofu iliyomshuka mgongoni kama maji baridi kwamba aliyecheka ni yeye, kwa sababu maneno yale yalikuwa yake, neno kwa neno, mate na chai na kofia ya zambarau, maneno aliyoyatunga mwenyewe Jumapili nyingi akiwa kiti cha nyuma na ambayo hakuwahi kumwambia kiumbe yeyote aliye hai.

Natasha aligeuza kichwa akamtazama. Si Natasha aliyetazama.

Mchungaji alipoondoka, Adongo alipiga simu huku na huku Kabazi mpaka akampata Chepkorir. Alikuja siku ya pili, na jembe na gunia tupu, gambuti zile zile miguuni.

"Nilikuambia, mathe."

"Sikukuita uje unihubirie."

"Ni kweli. Nimekuja kwa sababu ya msichana." Chepkorir aliyatazama maua, akatikisa kichwa. "Hata kule kwetu hayajawahi kunona hivi. Amepapenda hapa. Piga magoti. Sema ulichukua bila kuomba, unaomba radhi, na unaomba mtoto wako."

Ng'ambo ya kayaba, kichwa cha Kigen kilikuwa kimejitokeza, kofia mkononi.

"Mbele ya yule?" Adongo alinong'ona.

"Mbele ya yeyote aliyepo."

"Muache," ilisema sauti ya mzee kutoka kinywani mwa Natasha. "Huyu hajui kuomba. Ndiyo maana nilikubali kuja naye."

Adongo alisimama. Miguu ilikataa kukunjika. Alimtazama binti yake, midomo iliyokauka ikapasuka, mikono iliyokuwa mifupa sasa, na chini ya sauti ile nzito iliyokuwa bado inazungumza, ikimtaja Kigen na sukuma zake, ikimtaja Chepkorir na viatu vya watu waliokufa Ulaya, akasikia nyingine, nyembamba, mbali kama mtoto aliyeanguka kisimani, ikisema Mum, Mum, Mum, na hapo magoti yakaanguka yenyewe kwenye udongo wa moto.

"Nilichukua bila kuomba," alisema. "Naomba radhi. Naomba mtoto wangu."

Aliyasema yote, na kwa kumwombea mtoto alimaanisha. Lakini pale kwenye radhi, moyo wake ulikuwa ukisema neno jingine: huyu mwanamke wa mitumba atanitangaza soko zima. Hakuweza kuuzuia. Na Natasha, kabla ya kuanguka, alitabasamu, tabasamu la siri kama la watu wawili waliokubaliana jambo mbele ya wajinga.

Kisha jasho likamtoka msichana mwili mzima mara moja. Akalia, akaomba maji, akaomba simu ampigie Travis.

Chepkorir aling'oa airisi zote, hakuacha hata kipande cha mzizi, akafunga gunia. Getini aligeuka. "Mdomo umesema, mathe. Na moyo?"

"Moyo wangu si kibanda chako cha viatu."

Chepkorir alimtazama kwa huruma. Huruma ile Adongo aliichukia kuliko kitu chochote kilichompata.

Travis alikuja na pikipiki ya kuazima. Alikuwa amepata kazi ya kufyatua matofali Gilgil na chumba cha kuanzia. Natasha alimshika uso kwa mikono miwili, akaushika muda mrefu, kama mtu anayejifunza kusoma. Kisha akamgeukia mama yake. "Twende wote, Mum. Hata siku chache. Usibaki hapa peke yako."

"Nikalale wapi? Juu ya matofali?"

Wakaenda.

Adhuhuri moja baadaye Adongo alitoka na chai yake, akaketi kwenye benchi mbele ya tuta tupu. Kigen alipita getini akamletea fungu la sukuma wiki limefungwa kwa ugwe.

"Za hapa kwangu, Mwalimu. Nikasema labda hujaenda soko. Uko sawa lakini?"

Alizipokea kwa ncha za vidole. Kigen alipokwisha kwenda, akasema taratibu, "Anadhani mimi ni mbuzi."

Kando yake mtu alicheka.

Harufu ya sanduku la zamani ilikuwa imejaa pua yake. Nywele za shingoni zilimsimama, chai ikamwagika ikamuunguza paja, na hakuthubutu kugeuza kichwa. Simu ilikuwa mfukoni, na namba ya Chepkorir ndani yake. Alijua lile neno moja la kusema, naomba. Alijua hata namna ya kulitamka sasa.

Barabarani alipita mwanamke amejifunika mwavuli wa maua maua, akitembea kwa madaha. Adongo alikuwa ndiyo kwanza anatafuta la kusema juu yake, na ile sauti nzito ikalisema kabla yake, polepole, na ikalisema vizuri zaidi.

Adongo aliuma midomo. Mabega yakamtikisika. Ilikuwa miaka mingi hajacheka na mtu katika nyumba ile, na alipomaliza kucheka akajifuta machozi, akasogea, akampa nafasi kwenye benchi.