Mfuko Nyuma ya Kibanda cha Mboga

Kila siku saa kumi alasiri Mizuho alirudi kutoka shuleni, akaweka mkoba wake mlangoni, akachukua kamba ya mbwa. Goma alikuwa amekwisha kaa tayari, mkia ukifagia sakafu. Alikuwa mbwa mnene mwenye rangi ya ufuta uliokaangwa. Daktari wa wanyama alimpima mwezi wa tano, akatikisa kichwa. Alisema mbwa huyu asipotembea saa nzima kila siku, miguu yake itashindwa kumbeba.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Ryohei, kaka yake Mizuho. Lakini Ryohei alikuwa ameondoka kwenda chuo kikuu, na baba yao alifanya kazi katika mji wa mbali. Mama naye alitoka kazini saa moja jioni. Basi Goma akawa wa Mizuho, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Mama hakununua mifuko ya kubebea kinyesi cha mbwa. Alitunza mifuko mitupu ya mkate, kwa sababu haipitishi harufu. Ndani ya kila mfuko aliweka kipande cha gazeti.

"Uchafu wa Goma unarudi na wewe nyumbani," alimwambia Mizuho. "Watoto wanacheza kwenye majani yale. Kinyesi cha mbwa kina minyoo."

Mizuho alijua. Watu wote wa mtaa walifanya hivyo. Njia ya juu ya tuta la mto haikuwa na pipa la taka hata moja, tangu mwanzo hadi kwenye lango la maji ambako watu wenye mbwa waligeukia.

Taabu ilikuwa Goma mwenyewe. Kila siku alijisaidia mahali pamoja, chini ya mti wa kwanza wa cheri, hatua chache tu baada ya kupanda tuta. Kwa hiyo Mizuho alitembea karibu saa nzima kamba ikiwa mkono huu na mfuko ukining'inia mkono ule. Goma alipovuta, mfuko ulimpiga gotini. Na chini ya tuta kulikuwa na uwanja wa besiboli, ambako wavulana wa darasa lake walifanya mazoezi.

"Mizuho, leo mkate una siagi?" Taiga aliita siku moja, akiwa ameegemea uzio.

"Una jemu ya maharage," mwingine akajibu kwa niaba yake.

"Basi tukatie kipande, usiwe mchoyo."

Walicheka wote. Mizuho aliinamisha kichwa na kuharakisha. Tangu siku hiyo, aliuficha mfuko nyuma ya mgongo kila alipofika kwenye uzio ule.

Kati ya mti huo wa cheri na uwanja palikuwa na kibanda cha mboga cha Bibi Kuwabara. Hakikuwa na muuzaji. Bibi alipanga biringanya, bamia na matango yake asubuhi, mteja akachukua anachotaka na kuacha pesa katika kopo. Nyuma ya kibanda, upande wa shamba, palikuwa na msumari mmoja mrefu. Jumatatu moja Mizuho aliuona ukiwa mtupu. Akatazama huku na huku. Akatundika mfuko wa mkate pale, akaenda na Goma hadi lango la maji mikono ikiwa mitupu. Aliporudi, mfuko ulikuwa palepale. Akauchukua, akaenda nao nyumbani.

"Sijautupa," alijiambia. "Nimeuacha kidogo tu."

Akafanya hivyo siku ya pili, na ya tatu. Taiga akachoka kuuliza habari za mkate.

Jumanne ya wiki iliyofuata, Mizuho alirudi kutoka lango la maji akaukuta msumari mtupu.

Alipekua majani chini ya kibanda. Akatazama kwenye mtaro na katikati ya mistari ya biringanya. Hakukuwa na upepo siku ile, na kunguru wangeuchana mfuko na kuacha vipande. Mtu alikuwa ameuchukua. Mizuho akamvuta Goma, wakaenda nyumbani karibu kukimbia.

Jumatano akajisemea kwamba labda Bibi Kuwabara alidhani ni taka, akautupa, mambo yakaisha. Lakini alipopita na Goma, mfuko ukiwa mkononi safari hii, kibanda kilikuwa kimefungwa kwa ubao. Hapakuwa hata na tango moja.

Alhamisi jioni ubao wa mtaa ulifika kwao. Ubao huo ulibeba matangazo nyumba hadi nyumba. Kila nyumba ilisoma, ikapiga muhuri wake, ikapeleka kwa jirani. Mama alisoma akiwa bado na koti la kazini.

"Hebu sikia hii," alisema. "Mtu katundika kinyesi cha mbwa nyuma ya kibanda cha Bibi Kuwabara. Pale kwenye msumari anapowawekea wateja wake mboga walizoagiza kwa simu. Bibi Hirose kaja kuchukua bamia zake, kakuta mfuko wa mkate, kaenda nao. Kaufungua jikoni, na wageni wamekaa mezani."

Mizuho hakuwahi kujua msumari ule ulikuwa wa kazi gani.

"Bibi Kuwabara ameona aibu, kafunga kibanda," mama aliendelea. "Na Jumapili kuna mkutano. Wanataka mbwa wakatazwe kabisa kupita kwenye tuta. Sasa Goma atatembea wapi, barabarani kwenye malori?" Akapiga muhuri. "Mtu gani huyu asiye na haya. Wanasema eti ni Mzee Sugaya, kwa kuwa hupumzika pale na mbwa wake kila siku. Mimi siamini. Haya, mpelekee ubao, zamu ni yake."

Nyumba ya Mzee Sugaya ilifuata yao. Mizuho aliubeba ubao kwa mikono miwili, kama sahani ya moto. Mzee alikuwa amepata kiharusi mwaka uliopita, akawa anauburuta mguu wa kushoto. Alifungua mlango polepole. Mbwa wake mdogo, Kuri, alichungulia nyuma ya fimbo.

"Aa, binti wa Ninomiya. Goma hajambo?"

"Hajambo, babu. Nimeleta ubao."

Mzee alivaa miwani, akasoma. Alisoma muda mrefu. Kisha akatafuta muhuri wake ndani ya droo, akaubonyeza.

"Kumbe ndiyo maana," alisema. "Jana nimemsalimia Kuwabara, kageuza uso. Tumesoma darasa moja, mimi na yeye. Miaka sitini hajawahi kuninyima salamu."

"Lakini babu, si wewe."

"Wewe unajua na mimi najua. Wengine je?" Alimwinamia Kuri, akamkuna kichwani. "Basi tutakaa ndani, sisi wawili, mpaka watu wachoke kusema."

Maneno yalikuwa mdomoni mwa Mizuho. Aliyasikia kabisa kwenye ulimi. Lakini mlango ukafungwa, naye akabaki akiitazama taa ya kibarazani.

Ijumaa Mzee Sugaya hakutoka. Mizuho alipopita, Kuri alikuwa dirishani akilia kwa sauti nyembamba, na nyuma yake mzee amekaa na fimbo magotini. Mizuho alikumbuka mama akieleza kuwa daktari alimwagiza mzee atembee hadi lango la maji kila siku, ama sivyo mguu utakauka. Mguu ule na miguu ya Goma, dawa yao ilikuwa moja.

Kwenye uwanja Taiga alikuwa akifunga viatu. "Umesikia ya yule mzee? Bibi Hirose kala mkate," alisema, akicheka. "Mama anasema mzee mchafu."

"Si mzee," Mizuho alisema.

"Ni nani basi?"

Mizuho alishika kamba kwa nguvu mpaka vidole vikauma. "Ni mimi."

Taiga aliacha kufunga viatu. Alimtazama, akautazama mfuko wa mkate mkononi mwake.

Kusema mara ya kwanza kulikuwa kama kung'oa jino. Mama aliporudi jioni, Mizuho hakungoja hata avue viatu. Alieleza yote, tangu kicheko cha wavulana hadi msumari mtupu. Mama alikaa palepale mlangoni, begi lake mapajani.

"Mbona hukuniambia kwamba mfuko unakusumbua?"

"Niliona ni jambo dogo, mama."

"Jambo dogo ulilificha, sasa limekuwa kubwa." Mama akavua viatu. "Kesho asubuhi tunakwenda wote. Mimi nitabeba boksi la keki za kuombea radhi. Maneno utayabeba mwenyewe."

Jumamosi walianza kwa Bibi Hirose, wakaenda kwa Bibi Kuwabara. Bibi Hirose alipokea keki kwa uso mkavu, akasema amesikia. Bibi Kuwabara alikuwa uani akifunga vitunguu mafungu. Mizuho aliinama mpaka nywele zikamfunika uso.

"Mfuko ule niliutundika mimi, bibi. Nilitaka kuuchukua nikirudi. Naomba unisamehe."

Bibi alifunga fungu moja, akafunga la pili. Mizuho alisikia kamba ikikaza kwenye majani.

"Wewe," alisema mwishowe. "Na mimi nimemgeuzia uso Sugaya siku tatu nzima." Akaweka vitunguu chini. "Mtoto, aibu ya Hirose itapita, hata mimi nitaicheka mwakani. Lakini jina la mtu likishapita nyumba kumi na moja pamoja na ubao, nani atalirudisha?"

"Nitalirudisha mimi," Mizuho alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

Aliufuata ubao kwenye nyumba ulikofika, akarudi nao nyumbani, akachukua kalamu na karatasi. Aliandika kwamba mfuko ulikuwa wake yeye, Mizuho wa nyumba ya Ninomiya, kwamba Mzee Sugaya hakuhusika, na kwamba anaomba radhi kwa kila mtu. Mama alimuuliza kama ana hakika anataka jina lake lisomwe. Mizuho akasema kwamba la babu limesomwa bila hata kuandikwa. Akaibana karatasi kwenye ubao, lakini hakuuacha upite wenyewe. Aliubeba nyumba hadi nyumba, akasimama kila mlangoni wakisoma mbele yake. Kwingine walimpa pole. Kwingine walipiga muhuri tu na kumrudishia ubao.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mzee Sugaya. Alikuta viatu vya Bibi Kuwabara mlangoni na kikapu cha biringanya juu ya ngazi. Wazee wawili walikuwa wakinywa chai.

"Nimeshaambiwa," mzee alisema. "Lakini soma. Nataka kusikia."

Mizuho alisoma. Machozi yalimtoka kwenye mstari wa pili, akaendelea hivyohivyo mpaka mwisho.

"Alhamisi ulipokuja ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, babu."

"Ilikuuma?"

"Sana."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Hata mimi. Basi tumegawana." Akainuka kwa fimbo, akaingia ndani, akarudi na kopo la bati la kuhifadhia majani ya chai, lenye kifuniko ndani na kifuniko nje. Lilikuwa limefungwa mkanda wa mkoba wa zamani. "Unajua mimi huutia wapi mfuko wa Kuri?"

Mizuho hakuwahi kuuona mfuko wa Kuri hata siku moja.

"Humo," mzee alisema. "Kopo linalozuia harufu ya chai isitoke litashindwa na mbwa? Mfuko unaingia humu, unafunga mara mbili, unatupia begani. Mifuko mitupu unaiviringa kwenye mpini wa kamba. Mikono yako iko huru. Mwaka mzima watu wanadhani natembea na chai yangu."

"Mimi nilidhani hivyohivyo," Bibi Kuwabara alisema. "Nikakuona mchoyo, hunikaribishi."

Walicheka mpaka mzee akakohoa. Mizuho naye akacheka, pua ikiwa bado imejaa machozi.

Jumapili mkutano ulikuwa mfupi. Njia ya tuta ilibaki wazi kwa mbwa, na kibanda kikafunguliwa, kikiwa na kibao kipya juu ya msumari: MBOGA ZILIZOAGIZWA TU.

Jumatatu saa kumi, Mizuho na Goma walimngoja Mzee Sugaya na Kuri chini ya tuta. Walipanda wote wanne, hatua kwa hatua. Goma akasimama chini ya mcheri wake kama kawaida. Mizuho akaokota, akafunga mfuko, akautia katika kopo alilopewa na mzee, akabana vifuniko viwili. Kopo likatulia ubavuni mwake. Alipita kwenye uzio akiwa na mkono mmoja wa kumshika babu.

"Mizuho," Taiga aliita, safari hii kwa sauti ya chini, "leo umeacha mkate, umebeba chai?"

"Karibu kikombe," Mizuho alijibu.

Wenzake Taiga walimcheka yeye, mpaka akaenda zake kuokota mpira. Mzee Sugaya alitembea akiuburuta mguu. Walipoliona lango la maji, akasimama kupumua.

"Ule mfuko ulikuwa mzito?" aliuliza.

"Hapana, babu. Ulikuwa mwepesi tu."

"Na ubao je?"

Mizuho alifikiri. "Ubao ulikuwa mzito."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mjukuu wangu. Wewe ulitua mfuko usiofika hata uzito wa tango. Mimi nikaubeba siku tatu, na sikuweza kutoka nyumbani." Aliligonga kopo kwa kidole. "Mzigo wako ubebe mwenyewe. Ukikusumbua, usiufiche. Sema, tutafute namna ya kuubeba."

Kisha akamshika bega, wakageuka wote wanne kuelekea nyumbani.