Macho ya Ukoo Mmoja

Kila alipotoka shule, Kidoti aliweka mkoba chini, akamshika shangazi yake mkono na kumtoa uani kuota jua. Shangazi alikuwa haoni tena. Presho ya macho ilikuwa imempofusha polepole, bila maumivu yoyote, na alipokwenda hospitali alikuwa amechelewa.

Siku moja Kidoti alimsindikiza kliniki. Daktari wa macho, mama mmoja mcheshi, akamuuliza shangazi, "Una ndugu wa tumbo moja?"

"Ninaye mdogo wangu, baba yake huyu. Ni fundi cherehani."

"Mwambie aje apimwe. Ugonjwa huu hutembea katika ukoo."

Kidoti alirudi nyumbani roho mkononi. Baba alikuwa akishona sare za shule. Aliposikia habari ile akacheka, akachukua uzi na kuutunga kwenye sindano mara moja.

"Umeona? Mgonjwa wa macho ataweza hivi?"

"Shangazi naye alikuwa akisema anaona vizuri, baba."

Mguu wa baba ukaacha kukanyaga cherehani.

Kesho yake hakugusa cherehani. Walikwenda kliniki pamoja, na daktari akampima kwa makini.

"Presho ya macho yako iko juu," alimwambia, "na pembeni umeanza kupoteza uwezo wa kuona bila kujua. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki tutakilinda kwa dawa ya matone. Usiache hata siku moja."

Kidoti akasogea mbele. "Na mimi, daktari? Nitapofuka?"

"Hiyo pua umeitoa wapi?"

"Kwa baba."

"Basi. Tunarithi vinasaba, yaani maelekezo yanayoujenga mwili. Vingine vinatupa pua, vingine vinaongeza uwezekano wa kuugua. Vinaongeza tu, mwanangu. Huenda usiugue maisha yako yote. Wewe uwe unapimwa."

Jioni hiyo baba aliinua uso, Kidoti akamdondoshea dawa.

"Taratibu! Unataka kuniogesha?"

Shangazi akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akampapasa Kidoti bega.

"Damu hatuchagui," alisema. "Kupima tunachagua. Mimi nilingoja hadi nione dalili, na dalili yenyewe ikawa giza. Nyinyi msingoje."