Mkia wa Msafara

"Basi nenda! Nenda na sanduku lako, na hicho kiwanda chako cha nguo!"

"Punguza sauti. Majirani si viziwi."

"Wasikie! Wajue kwamba unanitupa."

Dada mtu alikuwa ameketi kwenye stuli, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama wima kama za mtu aliyeona simba. Siku nyingine mdogo wake angemcheka mpaka machozi yamtoke. Leo hapana. Kesho asubuhi dada angepanda basi kwenda kufanya kazi mji mwingine, na kitanda chao kingebaki na mtu mmoja.

Tangu mama yao afariki, wawili hao walikuwa wakiwatembeza wageni mji mkongwe. Dada alitangulia akisimulia. Mdogo alifuata nyuma kabisa. Yeye ndiye aliyeitwa mkia. Kila kona ya vichochoro, mgeni wa mwisho akishapita, mkia hupiga makofi: mawili ya haraka, moja la kuchelewa. Hapo wa mbele hujua wote wapo, akaendelea.

"Nina mgeni jioni hii," mdogo alisema huku akivaa viatu. "Nitamtembeza mwenyewe."

"Mpeleke mnarani, mpeleke langoni. Lakini kichochoro cha ukutani usiingie bila mkia. Umenisikia?"

"Kichwa kinahama mji, mkia unauulizia wa nini?"

Akaubamiza mlango.

Mgeni alikuwa mama mmoja mpiga picha, mpole, mwenye maswali mengi. Waliuzunguka mnara wa saa ambayo mishale yake iliganda zamani. Wakapita chini ya lango la mawe, mama akatia kidole kwenye matundu ya risasi. Jua lilipoanza kuzama akauliza, "Na kile kichochoro ninachosikia habari zake?"

Msichana alipaswa kukataa. Lakini hasira hasara.

Kichochoro kilikuwa chembamba hivi kwamba ukitaka kugeuka, mabega yanakwaruza kuta. Hakukuwa na mlango wala dirisha. Alitangulia, mama akamfuata.

"Wakati wa ugonjwa mkubwa," alisimulia, macho mbele, "wagonjwa waliletwa humu, ncha zote mbili zikazibwa kwa mawe. Waliambiwa ndugu zao watarudi kuwachukua."

"Wakarudi?"

"Hakuna anayejua, mama."

Wakapita kona ya kwanza. Ikamjia harufu ya chokaa mbichi, mahali ambapo hakuna fundi aliyejenga kitu kwa miaka.

Pa-pa... pa.

Akasimama.

Mawili ya haraka, moja la kuchelewa. Duniani pote, nani mwingine aliyajua makofi yale isipokuwa dada yake?

Amenifuata! Hasira yote ikayeyuka. Alijikuta anatabasamu gizani, peke yake. Wakapita kona ya pili.

Pa-pa... pa.

Karibu zaidi.

"Dada," alinong'ona bila kugeuka, "nisamehe. Usiniache peke yangu. Twende nyumbani."

 Kisha, nyuma ya mgeni, sauti ndogo...

"Twende."

Walitokea barabarani, penye taa. Mama mpiga picha alitoka akijisugua bega. Nyuma yake hakutoka mtu.

"Dada yako kabaki wapi?" mama aliuliza. "Kanishika bega njia nzima. Maskini, ana mkono wa baridi! Anaumwa?"

 Msichana aliaga kwa kichwa tu, akakimbia.

Dada alikuwa palepale kwenye stuli, anamalizia msuko wa mwisho.

"Ulitoka?"

"Nitoke na kichwa kile? Ningewatimua mbwa wa mtaa mzima." Kisha akamwona uso. "Una nini?"

Alipoyasikia yaliyotokea kichochoroni, kitana kilimponyoka mkononi.

"Ukasema na hicho kitu?"

"Nilidhani ni wewe."

"Ulikiambia nini, mdogo wangu?"

"Nilisema... twende nyumbani."

Dada aliinuka, akasukuma komeo. Alipozungumza, alizungumza kwa kunong'ona.

"Marehemu mama aliniambia mimi tu. Wale waliozibiwa humo walikuwa wakipiga makofi, ili walio nje wajue kuwa bado wako hai. Hakuna aliyewajia. Ndiyo maana mgeni hatembei mwisho. Mkia anaijaza nafasi ya nyuma, isijazwe na mwingine. Na wa mbele hasemi na wa nyuma, kamwe. Wanachongoja ni kuitwa tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali kuwa mkia?"

Waliketi kitandani wameshikana mikono. Mkono wa dada ulikuwa na joto.

"Kesho utaondoka?" mdogo aliuliza.

Dada aliangalia sanduku lake. 

Nje, mtaa ulinyamaza ghafla. Harufu ya chokaa mbichi ikapenya chini ya mlango. Kisha mbao zikaguswa taratibu, kwa kiganja, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyelala.

Sauti iliyokuja ilikuwa ya dada. Ileile ya kumwamsha asubuhi. Mkono wa dada, uliokuwa ndani ya mkono wa mdogo, ukambana.

"Mdogo wangu, fungua. Huyo aliye ndani mwache aende zake. Mimi nimekuja kukaa."