Matairi ya Jogoo na Trei za Mayai

Kitambaa ndicho kilichomwonyesha. Kila asubuhi, kabla mayai hayajapakiwa, Kimya aliosha gari la baba yake mdogo. Siku hiyo kitambaa kilipopita juu ya tairi, kilinasa pembeni, kwenye meno. Katikati kiliteleza kana kwamba anafuta sahani. Kimya akainama kutazama. Pembeni, tairi lilikuwa na meno mazuri. Katikati lilikuwa kipara.

Akainua macho. Baba mdogo alisimama mlangoni akijipangusa kichwa. Naye alikuwa na nywele pembeni, katikati hana kitu. Kimya akacheka kimoyomoyo. Hakusema neno. Ndiyo maana walimwita Kimya.

Baba mdogo na mkewe walifuga kuku na kuuza mayai. Walimchukua Kimya mama yake alipofariki, akiwa bado hajamaliza shule ya msingi. Kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha nyuma na kushikilia trei za mayai njiani.

"Leo nimeyajaza upepo mpaka yanalia kama ngoma!" baba mdogo alisema, akilipiga tairi teke. "Nimefuata namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Mimi si mtu wa kukisia."

"Na mayai yatafika?" mama mdogo aliuliza.

"Mayai muulize Jogoo."

Jogoo lilikuwa jina la chapa ya matairi yale. Kabla ya Jogoo alinunua Ngao. Kabla ya Ngao alinunua Nyundo. Yote aliyatukana.

"Waliosema jogoo wa shamba hawiki mjini," alisema, "nadhani walikuwa wamenunua matairi haya."

Barabara ilikuwa na mashimo madogo madogo. Gari liliruka kama panzi. Kimya alizikumbatia trei kama anayebembeleza mtoto, lakini mayai hayabembelezeki. Walipofika kwa mwoka mikate, ute ulikuwa unachuruzika.

Mwoka mikate ndiye aliyekuwa mteja wao mkubwa. Alifunua trei ya kwanza, akafunua ya pili, akaguna.

"Bwana Mayai, mimi naoka mikate. Sikukuagiza uyavunje njiani unisaidie kazi."

"Barabara, ndugu yangu."

"Barabara hiyo hiyo wenzako wanapita, na ya kwao yanafika mazima. Yule binti ana mikono mizito. Tafuta mwingine. Yakivunjika tena, na mimi nitatafuta muuzaji mwingine."

Kimya alikuwa nyuma ya mlango, anafuta trei. Mkono ukasimama. Kama mteja huyu angeondoka, kuku wangelishwa nini? Na kama yeye angeondolewa, angekwenda wapi?

"Mayai nitabadilisha," baba mdogo alijibu polepole. "Gari nitabadilisha. Mtoto sibadilishi. Yule ni wangu."

Kimya akainamisha kichwa. Akaifuta tena trei ambayo ilikwisha kukauka. Waliporudi garini, hakumwambia kwamba amesikia.

Njiani mvua ikaanza kunyesha. Kwenye mteremko, mwanamke mmoja alikuwa anavuka akisukuma mkokoteni wa ndoo. Baba mdogo akakanyaga breki. Gari halikusimama. Liliteleza kama sabuni kwenye sakafu, likaja kusimama pua yake ikigusa ndoo. Ndoo moja ikaanguka, ikabingirika.

Baba mdogo alishuka, akaiokota, akamwomba yule mama radhi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka.

"Basi," alisema alipokaa tena kwenye usukani. "Ningeua mtu leo. Twende kwa Mama Upepo. Nanunua matairi ya jina kubwa kuliko yote."

Mama Upepo alikuwa jirani yao. Alikuwa na kibanda cha kuziba pancha na kuuza matairi.

"Keti kwanza, shemeji," alisema. "Mtu anayetetemeka hanunui kitu."

Viti vyake vilikuwa matairi ya zamani, yamelazwa chini. Baba mdogo akaketi. Kimya hakuketi. Aliyatambua matairi yale. Hili lilikuwa Nyundo lao. Lile lilikuwa Ngao lao. Baba mdogo aliyaacha hapa kila aliponunua mapya. Kimya akapitisha kiganja. Pembeni meno. Katikati laini.

Akawaza ile ndoo inayobingirika.

"Yote," alisema kwa sauti ndogo.

"Yote yamefanya nini, mwanangu?" Mama Upepo aliuliza.

"Yameisha katikati. Nyundo, Ngao, hata Jogoo. Yote yana kipara cha katikati."

Baba mdogo akajishika kichwa. Mama Upepo akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Si wewe, shemeji! Ingawa na wewe umo." Kisha akawa makini. "Huyu mtoto ana macho. Tairi likiisha katikati, linajazwa upepo kupita kiasi. Linavimba kama tumbo, linakanyaga barabara kwa kitovu tu. Ndiyo maana linarusha mayai. Ndiyo maana linateleza kwenye maji."

"Lakini nafuata namba ya kwenye tairi!"

"Ile ni namba ya mwisho, ambayo hupaswi kuivuka. Je, sufuria unaijaza maji mpaka ukingoni ndipo unaiweka jikoni? Kipimo cha gari lako kipo kwenye gari lako. Fungua mlango wa dereva."

Kwenye nguzo ya mlango kulikuwa na kibandiko kidogo. Kimya alikuwa akikifuta vumbi kila siku. Sasa akakisoma taratibu, kidole kikifuata. Kulikuwa na namba ya gari lisilo na mzigo, na namba ya gari lenye mzigo. Zote zilikuwa ndogo kuliko ile ya kwenye tairi.

"Pima kwa geji ya upepo asubuhi, kabla ya safari, tairi likiwa baridi," Mama Upepo alisema. "Likipata joto, upepo unapanda, nayo geji inakudanganya."

"Kwa hiyo Jogoo si baya?"

"Sijui. Na wewe hujui. Hujawahi kuendesha Jogoo wala Ngao. Umeendesha upepo wako tu."

Baba mdogo akauliza kwa upole, "Sasa mtu achagueje tairi?"

"Chukua la saizi ya gari lako, lenye uwezo wa kubeba mzigo wako, lisiwe limezeeka dukani. Lijaze sawasawa. Kisha liendeshe, ulisikilize. Kwenye mvua linashika? Ukifunga breki, gari linakwenda moja kwa moja au linavuta upande? Meno yanaisha sawasawa? Baada ya hapo ndipo useme, hili nalipenda. Sifa za jirani ni za gari la jirani."

Baba mdogo akayatazama matairi yaliyopangwa ukutani.

"Basi nipe Jogoo tena," alisema. "Nimemtukana sana bila kumsikiliza."

Tangu siku hiyo, geji ilikuwa mkononi mwa Kimya. Asubuhi alipima tairi moja baada ya jingine, hata lile la akiba. Gari halikuruka tena kama panzi. Lilipita kwenye mashimo likiinama na kuinuka.

Mwoka mikate alifunua trei, akatafuta ufa. Akafunua nyingine, akatafuta tena.

"Umepata binti mwingine?" aliuliza.

"Ni yule yule," baba mdogo alijibu. "Tumebadilisha upepo."

Mwoka mikate akamgeukia Kimya. "Nisamehe, binti. Nilikuonea."

Msimu wa mvua ukapita wote, na gari halikuteleza tena. Baba mdogo akawa anamsifu Jogoo kwa kila aliyetaka kusikia na asiyetaka.

"Kumbe jogoo wa shamba amewika," mama mdogo alisema.

Asubuhi moja Kimya alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu. Kitambaa chake kilinasa pembeni, na katikati pia kilinasa. Baba mdogo akaja akachuchumaa karibu yake.

"Vipi, kipara kimeota?"

"Cha kwako tu."

Baba mdogo akacheka mpaka kuku wakashtuka. Kimya akakunja kitambaa, akakikunjua. Maneno yalikuwa yamekaa kifuani muda mrefu.

"Baba," alisema. Hakuongeza "mdogo". "Siku ile kwa mwoka mikate, nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia ulivyosema mimi ni wako. Asante."