Hodi Chini ya Gari

Jirani yetu, yule fundi tuliyezoea kumwita Chuma, alilileta lile gari nyumbani asubuhi ya Jumamosi, likivutwa kwa kamba. Gari la michezo la Kiingereza, la zamani, viti viwili, halina paa, kutu mpaka kwenye taa. Watoto walicheka. Mtu mmoja aliuliza kama ni gari au bafu lenye magurudumu. Mke wa Chuma alilia. Lilikuwa gari la marehemu baba yake.

"Nitalifufua, mke wangu," Chuma alimwambia. "Liwe kumbukumbu ya mzee."

Maneno matamu, lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mzee ndiye aliyemfundisha ufundi, kisha akamwoza binti yake. Ila gari alimnyima. "Maadamu niko hai, hulipati," alimjibu kila alipoliomba. Na mzee hakuwa akiingia chini ya gari bila kulipigia hodi, wanafunzi wakacheka wee, wala bila kuweka gogo chini ya chesisi, maana jeki haiaminiki. Siku aliyokufa chini ya gari, watu walisema jeki iliteleza. Chuma peke yake alijua ni nani aliyelitoa gogo. Mkewe akijua, basi tena. Na Chuma alimpenda yule mwanamke kama mboni ya jicho lake.

Kazi ilikwenda vizuri. Alishusha injini, akakwangua kutu, mlango mmoja akaupiga msasa ukang'aa. Ila kila alipolipa gari mgongo, kiti cha dereva kililia, kama mtu anajiweka sawa. Chuma akajiambia ni springi. Springi gani, na viti alikuwa ameshaving'oa?

Jumapili moja mchana, mkewe akiosha vyombo jikoni, Chuma alipiga jeki, akasukuma gogo mahali pake, akalala chali na kujisogeza chini ya gari. Hodi hakupiga. Yeye na ushirikina wapi na wapi.

"Karibu," ilisema sauti sikioni mwake.

Aliijua. Hakuthubutu kugeuza shingo.

"Gogo langu uliliweka wapi?"

Jasho. Harufu ya oili mbichi. Injini haipo. Kitu kizito kikamkalia kifuani, taratibu.

"Nisamehe, mzee."

"Sema asikie."

Uzito ukazidi. Ubavu mmoja ukalia. Chuma akapiga ukelele: "Nililitoa mimi! Baba yako nilimuua mimi! Mke wangu, nivute!"

Jikoni vyombo vikanyamaza. Akaona ndala za mkewe zikija. Zikasimama karibu na gurudumu. Akanyoosha mkono.

"Nivute," alinong'ona.

Ndala zilitulia. Kisha zikageuka. Vyombo vikaanza tena kuoshwa.

Sisi majirani tulipofika tuliona miguu tu. Tukashika gari tulinyanyue, kumbe halikuhitaji kunyanyuliwa. Jeki haikuwa imeshuka. Gogo lilikuwa limebeba chesisi sawasawa, na kati ya gari na Chuma mkono wa mtu ulipita bila kugusa kitu. Kifua chake ndicho kilichokuwa kimebonyea mpaka sakafuni.

Tulimuuliza mkewe kama alisikia chochote. Alijifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Nilisikia," alisema. "Baba alikuwa anaongea na mkwewe. Nikaona nisiwaingilie."