Uyoga Niliompikia Masika

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 mwezi wa nane, 2017. Ndugu zangu wakimbizi wa mitaa ya Kensington na Yeoville, siku hiyo ilianza vizuri. Mke wangu Masika alikuwa mlangoni anamsuka binti yetu Jocelyne, jua la msimu wa baridi likiwapiga miguuni. Mimi ni mlinzi wa geti. Siku hiyo sikuwa na zamu, nikasema nitapika.

Nyuma ya unga nikakuta kifuko cha uyoga mkavu. Kwetu Butembo uyoga ni mboga. Nikafikiri dada yake Masika amemtumia kutoka huko. Nikauloweka wote, nikautia karanga. Kwa kuwa ulikuwa kidogo, nikampakulia Masika peke yake. Mimi na mtoto tukala samaki.

"Leo mlinzi amekuwa mpishi?" Masika akacheka. "Jocelyne, mimi nitakula nimefumba macho."

Akamaliza sahani.

Lazima niwaambie, Masika alikuwa na ugonjwa wa hofu. Tangu vita vya kwetu, mlango ukigongwa tu moyo unamwenda mbio. Kliniki wakamwambia karatasi yake ya ukimbizi imepita muda, aitengeneze kwanza. Ofisi ya karatasi ikamwambia arudi baada ya miezi minne. Wakubwa hao mshahara wao hauchelewi.

Haikupita saa moja, akanishika mkono.

"Papa Jocelyne, ukuta unapumua."

"Lala kidogo, Mama."

"Wamefika. Wako jikoni. Mfiche mtoto."

Jikoni hakukuwa na mtu. Nilitaka kuita ambulansi, nikaogopa: wataona karatasi, watatuitia polisi. Nikaita watu wa chumba cha maombi. Wakaja saba, wakamzunguka, wakapaza sauti, wakamshika kichwa. Yeye akaona askari saba. Akawaponyoka, akashuka ngazi, akakimbilia barabarani. Teksi haikuweza kusimama.

Msibani akaja Lorraine, Mkenya anayefanya kazi benki, ambaye Masika alikuwa akimsuka nywele kwa malipo. Akapiga magoti.

"Mzee Lambert, uyoga ule si mboga, ni dawa ya kubadilisha akili. Nilimpa mimi. Nilimwambia ale kipande kama ukucha tu. Akasema bado anaogopa kuugusa. Mimi mwenyewe uyoga huo ulinituliza. Ng'ambo madaktari wanaujaribu kwa watu wa wasiwasi, na wengine wanapata nafuu."

"Na hao madaktari wanaupika na karanga?"

Akalia. "Wanaupima. Mtu anakaa na mgonjwa mpaka uishe mwilini. Na wengine hawapewi kabisa. Hapa ni marufuku."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua nusu, Mzee."

Funzo

Usipokee dawa ya siri, na ukiipokea usimfiche unayeishi naye. Labda uyoga huo unaweza kutibu mikononi mwa anayejua kuupima na kumchagua mgonjwa. Sibishi. Jikoni kwangu ulileta msiba. Na mtu akianza kuona yasiyokuwepo, msimzunguke kwa kelele. Akae naye mtu mmoja anayemwamini, asitoke nje, na ambulansi iitwe, hata kama karatasi imekufa. Mimi polisi wangenikamata, lakini ningekuwa na mke.

Nanyi mnaoongoza kliniki na ofisi za karatasi, nimekuja mara tatu, mkanituma dirisha hadi dirisha, na hakuna aliyenijibu: ile miezi minne, Masika alitakiwa aipeleke wapi hofu yake?